Ile Picha ya Chupa

Mtaani kwetu Kangemi hakuna aliyeijua picha hii kwa jina lake. Ungemuuliza mwenye kibanda cha vidio kama leo ataweka The Gods Must Be Crazy, angekutazama kama mtu aliyepotea njia akitafuta ubalozi. Lakini ukisema "ile ya chupa", jibu lilikuwa mdomoni: saa moja jioni, shilingi tano, watoto watatu kwa kumi. Kila ploti ilikuwa na mtu aliyeiona mara nne. Mimi nimeshaacha kuhesabu.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, na kila penye tundu pameshindiliwa gunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Mabenchi yalikuwa ya mbao zisizorandwa. Ukikaa vibaya unaondoka na kibanzi. Mbele, juu ya kreti mbili za soda zilizopinduliwa, ilikaa televisheni, na juu ya televisheni deki isiyo na kifuniko. Haikuwa na kifuniko kwa sababu picha ikianza kuonyesha chenga, mwenyewe alichovya pamba kwenye spiriti, akaingiza vidole viwili ndani, akapangusa kichwa cha deki taratibu, kama mama anayemsafisha mtoto sikio. Sisi tulinyamaza mpaka amalize. Hata wahuni wa nyuma walinyamaza.

Kando ya televisheni alisimama mtafsiri na kijiti chake. Kazi yake ilikuwa kutugeuzia Kiingereza, na kazi hiyo aliifanya kwa uhuru mkubwa. Wahusika aliwapa majina ya watu wa mtaani. Sehemu ambazo hakuzielewa alizijaza kwa siasa. Alikuwa ameiona picha mara nyingi kiasi kwamba alianza kucheka kabla ya jambo lenyewe kutokea, nasi tukamfuata, halafu jambo likatokea tukacheka tena. Kichekesho kimoja kilitulipa mara mbili.

Aliyenipeleka mara ya kwanza, mwaka 1994, ni anko, mdogo wake mama. Alikuwa ametoka Nyamira mwaka uliotangulia, akawa analala sebuleni kwetu nyuma ya pazia. Mama ni Msabato, na Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kanisa na chakula kilichopikwa Ijumaa. Anko akaona mwanya: Sabato huisha jua likitua. Basi tulikaa mlangoni, tukiliangalia jua likizama upande wa Uthiru kama watu wanaongoja basi. Lilipopotea tu, anko alisimama akajipangusa suruali. "Dada, nampeleka mtoto anyooshe miguu kidogo." Mama alijua. Alituambia tu tusichelewe kurudi.

Ili uelewe kwa nini tuliipenda picha ile, kumbuka chupa ya soda ilikuwa nini Nairobi ya siku zile. Hukuingia dukani na pesa zako tu ukatoka na soda. Ulikwenda na chupa tupu. Kama huna, uliacha pesa ya chupa, au ulinywea pale pale mlangoni huku mwenye duka akikukodolea macho mpaka tone la mwisho. Nyumbani kreti ilikaa chini ya kitanda cha wazazi, jirani na sanduku la vyeti, na wageni walipoondoka chupa zilihesabiwa kabla ya vikombe. Kupasua chupa lilikuwa kosa la fimbo. Soda ilikuwa yako ukishailipia, lakini chupa ulikuwa nayo kwa muda tu. Yenyewe ilikuwa na kwao.

Sasa waza watoto waliolelewa hivyo wanamwona rubani, angani juu ya Kalahari, anamaliza Coca-Cola yake, anaitupa chupa nje ya ndege. Kibanda kizima kiliguna.

"Ameacha pesa ya chupa?" alipaza sauti mtu wa nyuma.

Mtafsiri akajibu bila kugeuka: "Huyo ni mdosi."

Chupa inaanguka bila kupasuka. Xi, mtu wa porini huko, anaiokota, anaipeleka kwa jamaa zake, nao wanaichukua kuwa zawadi ya miungu. Inafaa kwa kila kitu: kulainishia ngozi, kutwangia, kupulizia muziki. Shida ni kwamba iko moja. Kabla ya chupa kila kitu kilikuwa cha wote. Sasa kila mmoja anaihitaji kwa wakati uleule, na watu ambao hawakuwahi kugombana wanaanza kupigana. Xi anairusha juu, wenyewe waichukue. Inarudi chini. Mwishowe anaamua kutembea mpaka mwisho wa dunia akaitupe huko.

Nimesoma wengi wakiandika kwamba kichekesho cha picha hii ni mtu wa porini asiyejua chupa ni nini. Labda kwingine. Kangemi tulimwona mtu mmoja tu katika picha nzima anayejua kwamba chupa hurudishwa. Wengine wote, wenye magari na bunduki na digrii, hawajui. Yeye amepewa kitu kisicho chake, kimeleta ugomvi, anakirudisha kwa miguu. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani jioni na chupa tupu kifuani, akiomba Mungu asijikwae, alikuwa ametembea safari hiyo.

Picha ilitengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini ikatoka mwaka 1980. Ina hadithi tatu zilizosokotwa pamoja. Ya kwanza ni ya Xi. Ya pili ni ya Andrew Steyn, mtafiti wa kinyesi cha tembo ambaye akikaribiana na mwanamke mikono na miguu yake huwa mali ya mtu mwingine, na Kate Thompson, mwandishi aliyechoshwa na jiji akaenda kufundisha kijijini Botswana. Ya tatu ni ya waasi wanaokimbia baada ya jaribio la mapinduzi kuharibika. Hii ya tatu ndiyo dhaifu, nitairudia kwa sababu nyingine. Ya pili ndiyo iliyovunja mabenchi.

Kuna Land Rover. Haina breki, na ukiizima haiwaki, kwa hiyo haizimwi. Sasa Steyn anafika kwenye lango. Lango lazima lifunguliwe, gari lipite, lango lifungwe. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu mwenye breki. Steyn anaruka nje, gari linamkimbia. Anatafuta jiwe la kuzuia gurudumu, analikimbilia lango, gari linaondoka tena. Uys aliichezea kamera ili mwendo uonekane wa haraka kuliko kawaida, kama picha za zamani zisizo na sauti, na jamaa anahangaika huku na huko kama kuku aliyeona mwewe. Watu wa Kangemi hawakuhitaji kuelezwa. Kulikuwa na matatu zetu ambazo zikisimama kwenye mwinuko, makanga alishuka kwanza na jiwe, abiria baadaye. Kila tukifika sehemu hiyo, makanga mmoja aliyekuwa mteja wa kibanda alisimama na kumwelekeza Steyn jiwe la kuchukua. "Hilo kubwa, bana! Hilo kubwa!" Kila wiki Steyn alikataa ushauri.

Na kuna kifaru anayeuzima moto kwa kuukanyaga, halafu anaondoka zake bila kumsemesha mtu. Mtafsiri alimwita Zimamoto. Na kuna ile winchi inayoipandisha Land Rover juu ya mti ikaning'inia kama kiota. Sitaieleza. Vichekesho vya aina hii ukivieleza vinakufa mikononi mwako.

Nilichokuja kukigundua baadaye sana ni jinsi Uys anavyokata kutoka kwenye vurugu hizo kumrudia Xi. Ghafla kelele zinaisha. Kuna tambarare, kuna anga, na kuna mtu mdogo anayetembea. Hana haraka. Wenzake wote wanaanguka kwenye maji, wanang'ang'ania milango, wanapoteza suruali. Yeye anatembea tu na mzigo wake. Anapokutana na Wazungu anadhani amewafikia miungu wenyewe, na anafanya jambo ambalo hadi leo linanikaba koo: anawanyoshea chupa yao. Kwa heshima kabisa. Chukueni kitu chenu. Hawamwelewi. Miungu ameipata, na miungu haitaki chupa.

Hapo hapo, msije mkadhani tulikaa tukihuzunika, msimulizi anatueleza Xi anavyomwona Kate: mwanamke mbaya wa sura kuliko wote aliowahi kuwaona, mweupe kama kitu kilichotambaa kutoka kwenye gogo lililooza. Mtafsiri alipoligeuza hilo, bati la paa lilitaka kung'oka. Kina mama waliokuja na watoto mgongoni walipigana viganja. Hakuna aliyewahi kutuambia, kwenye skrini yoyote, kwamba nywele ndefu za rangi ya dhahabu zinaweza kumtisha mtu.

Halafu inakuja mahakama.

Xi ana njaa. Anamwona mbuzi, anampiga mshale, kama ambavyo angempiga mnyama yeyote aliyewekwa duniani aliwe. Mbuzi ana mwenyewe. Xi anakamatwa. Anasimamishwa mbele ya watu wanaozungumza lugha asiyoijua, na Mpudi, msaidizi wa Steyn aliyewahi kuishi na Wasan, watu wa kina Xi, anawekwa kuwa mkalimani. Miezi mitatu jela. Mpudi anaogopa kwamba mtu huyu akifungiwa ndani ya kuta atakufa, na ndipo yeye na Steyn wanapopata njia ya kumtoa, amalizie kifungo chake akiwa mfuatiliaji wa nyayo za wanyama.

Mahakama nyumbani kwetu ilikuwa kichekesho. Tulikuwa watoto wa Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni. Tukiona kizimba tu, tunajiandaa kucheka. Tulicheka na siku ile. Mimi nilikuwa nimemwegemea anko ubavuni, na muda wote nilikuwa nikisikia tumbo lake likitikisika. Xi alipotiwa ndani ya chumba cha jela, akawa anatazama, tumbo likaacha kutikisika. Nikamwangalia. Mwanga wa televisheni ulikuwa usoni mwake na hakuwa akitazama picha. Alikuwa akitazama kreti zilizo chini yake.

Nilidhani ana usingizi. Alikuwa mlinzi wa usiku Lavington, na Jumamosi ndiyo ilikuwa zamu yake ya mapumziko.

Miaka kumi na mitano ikapita kabla hajanieleza, na alinieleza akicheka, tukiwa matangani Nyamira, usiku, kando ya moto. Mwezi wake wa pili Nairobi, akienda kazini, alisimamishwa barabarani na askari. Kitambulisho kilikuwa kwenye shati jingine. Kosa: kuzurura. Sheria ya uzururaji ilikuwa bado ipo wakati huo. Ilikuja kufutwa mwaka 1997. Asubuhi walipelekwa mahakamani wengi kwa mpigo. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza, karani akayageuza kwa Kiswahili cha kukimbia, na anko kichwani alikuwa akiyageuza tena kwa Ekegusii, na kila alipomaliza sentensi moja wenzake walikuwa wameshamaliza tatu. Akasikia: unakubali au unakataa? Jirani yake akamnong'oneza, kubali uende nyumbani. Akakubali. Pesa ya faini hakuwa nayo. Wiki tatu.

"Mama yako alidhani nimerudi ushago," alisema. "Nami nikamwacha adhani hivyo." Akacheka tena. "Ule mzee wa chupa, mimi nilimjua kabla yenu."

Tangu usiku ule siwezi kuitazama sehemu ya mahakama bila kuhesabu. Xi anasema neno kwa lugha yake. Mpudi analigeuza kwa ajili ya hakimu. Msimulizi, kwa ile sauti tulivu ya filamu za wanyama, anatugeuzia watazamaji kwa Kiingereza. Kangemi, mtu mwenye kijiti anatumalizia kwa Kiswahili na kachumbari ya Sheng. Kila mmoja anamwonea Xi huruma, na kila mmoja anamsemea. Alichosema mwenyewe kimebaki njiani.

Nilipokua nikaanza kusoma, kitumbua kikaingia mchanga. Msimulizi yule mwenye sauti ya baba wa kambo mpole anatueleza kwamba jamaa za Xi hawajui sheria, hawajui hasira, hawajui kwamba kuna watu wengine duniani. N!xau, aliyemwigiza Xi, alikuwa Mju/'hoansi, mmoja wa Wasan wa kaskazini mashariki mwa Namibia. Miaka ileile watu wake walioishi Tsumkwe, makazi yaliyoanzishwa na serikali, walikuwa wakipanga foleni ya unga. Pombe ilikuwepo, kifua kikuu kilikuwepo, na vijana walikuwa wakiandikishwa na jeshi la Afrika Kusini kufuata nyayo, si za wanyama, katika vita dhidi ya SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Mmarekani John Marshall, aliyewapiga picha watu hawa tangu miaka ya hamsini, alitoa filamu yake kuhusu mwanamke wa huko aitwaye N!ai mwaka uleule wa 1980, na ndani yake unawaona watu wa Uys wakiwa kazini, wakipanga mandhari yao ya watu wasioguswa na dunia. Ukizitazama picha hizo mbili kwa siku moja, kama nilivyofanya mimi kwa ujinga wangu, hutakula vizuri jioni.

Na wale waasi niliosema nitawarudia: Waafrika wenye bunduki, wazembe, wanaokimbizwa kama kuku. Picha ilitengenezwa Afrika Kusini, wakati vita vya Namibia vinaendelea, na Namibia ilikuja kupata uhuru mwaka 1990. Nje iliuzwa kama kazi ya Botswana, kwa kuwa vitu vya Afrika Kusini vilikuwa vimesusiwa. Kangemi hakuna aliyetuambia. Kanda ilikuja kwenye mfuko wa plastiki bila kava. Lakini kuna jambo moja ambalo nadhani anko angeliona kama angeulizwa: katika picha nzima Weusi na Weupe wanapita wakipishana, na hakuna askari hata mmoja anayemwomba Mwafrika pasi, ile karatasi ya ubaguzi iliyomruhusu kuwa mahali alipo. Sheria za pasi kule zilidumu mpaka 1986. Uys alizifuta kabla ya serikali, kwa mkasi.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha chuo huniambia basi iweke kabatini, mbona unang'ang'ana nayo. Hoja zake zote nazikubali, na bado naiweka. Sababu yangu ni N!xau.

Mtazame usoni. Watu wengi walidhani hakuwa akiigiza, kwamba Uys alimkuta tu porini akawasha kamera. Mimi naona mwigizaji, na mzuri. Anaiokota chupa kana kwamba hajawahi kuona glasi, na sidhani kama mtu wa eneo lile, mwaka ule, alihitaji siku nyingi kujua chupa ya Coca-Cola ni nini. Aliambiwa asijue, na hakujua, kwa ustadi ambao Wazungu waliomzunguka kwenye picha ile hawana hata nusu yake. Wao wanapiga kelele, yeye anainua nyusi. Mtu kupewa kazi ya kuuigiza ujinga wake mwenyewe, mbele ya watu wanaouamini, halafu akaifanya kwa adabu bila hata mara moja kuwadhihaki waliomtuma: hiyo ndiyo huzuni iliyo chini ya picha hii, na nadhani tuliihisi hata tukiwa watoto, kama unavyohisi baridi ya sakafu chini ya mkeka.

Mwishoni mwa picha Steyn anamlipa Xi noti, naye anaziacha zipeperuke na upepo, kwa kuwa haoni zina kazi gani. Hadithi hiyohiyo ikaja kusimuliwa kuhusu N!xau mwenyewe: kwamba malipo yake ya kwanza, yaliyokuwa kidogo sana, aliyaacha yakapeperuka. Nimeisikia mara nyingi, na naona ni ya kufaa mno. Ni hadithi ambayo anayelipa kidogo angependa iwe kweli. Kwa sababu ilipofika zamu ya picha ya pili, ile ya 1989 ambapo watoto wa mhusika wake wanachukuliwa na lori la majangili naye anafuata nyayo za magurudumu, N!xau alidai pesa nyingi zaidi, na akasema za nini: nyumba ya matofali kwa familia yake, yenye umeme na pampu ya maji. Mtu wa noti za upepo haombi pampu.

Baada ya hapo alipelekwa Hong Kong, akaigiza picha nyingine, na katika mojawapo, ya 1991, anajikuta porini na maiti ya Kichina inayorukaruka kwa miguu iliyoungana. Niliitafuta nikaipata. Nilicheka kwa dakika ishirini hivi, halafu nikaanza kumtazama yeye tu, amesimama pembeni ya kelele za watu, akingoja aambiwe ashangae.

Alirudi Namibia. Akalima mahindi, maboga na maharagwe, akafuga ng'ombe kadhaa. Mwaka 2000 alibatizwa kuwa Msabato. Alifariki Julai 2003, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka kama 59, akazikwa Tsumkwe.

Habari ya ubatizo nilimpelekea mama mbio, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Miaka yote ile alikuwa akijifanya hajui tunakwenda wapi Jumamosi jua likizama. Nikamwambia, mama, yule mzee wa ile picha ya chupa alikufa akiwa Msabato. Alikuwa anachambua mboga. Akachambua majani mawili matatu zaidi.

"Basi huyo tutaonana," akasema, kama anayezungumzia mtu wa Keroka.

Desemba iliyopita nilikwenda Nyamira na kompyuta yangu na binti yangu wa miaka tisa. Anko ameacha ulinzi siku nyingi, magoti yamemshinda, ana migomba na ng'ombe wawili. Jioni, baada ya Sabato kuisha, tukaiweka picha juu ya meza, wajukuu zake na watoto wa jirani wakajazana. Rubani alipotupa chupa, binti yangu aliuliza mbona hakungoja apate pipa. Chupa anayoijua yeye ni ya plastiki. Nilianza kumweleza habari ya kreti chini ya kitanda na pesa ya chupa, nikaona anko ananitazama niache, picha inaendelea.

Watoto wadogo hawakujua Kiingereza. Kwa hiyo anko akachukua fimbo yake ya kutembelea, akasogeza kiti kando ya meza, akawa mtafsiri. Kwa Ekegusii. Kwanza nilidhani anafuata anachosema msimulizi, lakini nilipotega sikio nikagundua amempuuza kabisa. Sauti ile ya Kiingereza ikizungumza yeye ananyamaza. Xi akifungua mdomo tu, anko anasema. Alimpa Xi maneno yake kutoka mwanzo: akimsuta rubani, akiwapatanisha jamaa zake, akimsalimia Kate kama unavyomsalimia mkwe unayemwogopa. Kifaru naye alipata maneno mawili. Watoto walikuwa chini wakigaragara.

Tulipofika mahakamani nilitamani kuipeleka mbele. Sikuthubutu. Xi akasimama kizimbani. Anko akashusha fimbo, akaiweka magotini.

"Anasema," akatafsiri, polepole, "mimi nilikuwa naenda kazini."

Hakuna mtoto aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Picha ikaendelea, naye baada ya muda akainua fimbo tena, kwa sababu Land Rover ilikuwa imerudi.

Sehemu ya mwisho unaijua kama umeiona. Xi anafika kwenye ukingo wa jabali. Ni mahali paitwapo God's Window, Mpumalanga ya sasa. Chini yake hakuna ardhi, kuna mawingu tu, meupe, yametanda mpaka macho yanapokoma. Ni mwisho wa dunia. Anaitupa chupa, inazama kwenye mawingu, anageuka kurudi kwa watoto wake. Nimeitazama sehemu hiyo Kangemi na nimeitazama nikiwa mtu mzima peke yangu usiku wa manane, na kila mara huwa nahisi kwamba kitu kimekwisha vizuri.

Anko aliikodolea macho skrini. Kutoka kwao, siku isiyo na ukungu, ukipanda kilima cha Manga unasimama kwenye ukingo namna ileile, na chini unaona nchi yote ya wenzetu mpaka ziwani.

"Hiyo chupa," akasema, kwa Kiswahili sasa, akinigeukia mimi, "imempiga mtu Kisumu."